Maswali yenu: Bomu la Korea Kaskazini na sisi wa Arusha na Moshi

Maswali mengi yaliyonifikia wiki hii yanahusu Korea Kaskazini, na yale yanayotokea kati ya nchi na nchi pale taifa lililojifungia linapojaribu bomu la nyuklia. Mengine nimeyafupisha.

Shikamoo. Wakilipua bomu chini ya ardhi, tena milimani kwao, dunia inajuaje? (Mwanafunzi wa sekondari, Njiro)

Marahaba, mwanangu. Ardhi yenyewe inawasema. Jaribio lao la sita, la Septemba 3, 2017, lilipimwa na wanajiolojia wa Marekani kuwa mtetemo wa ukubwa wa 6.3. Mtetemo wa mlipuko haufanani na ule wa miamba inayoteleza yenyewe, kwa hiyo mtaalamu akiusoma anautambua. Shirika linalosimamia mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio hayo lina vituo dunia nzima: vingine vinasikiliza ardhi, vingine bahari, vingine vinachuja hewa kutafuta chembe za mionzi. Kimoja cha kuchuja hewa kipo Dar es Salaam, na cha mitetemo kipo Kilimambogo, Kenya. Na kwa kuwa unakaa Njiro, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina maabara zake hapo hapo kwenu. Waombeni walimu wawapeleke.

Yale matetemeko ya mwaka 2007 hapa Arusha, hayakuwa ya mabomu hayo? (Mama wa Sakina)

Hapana, mama. Yale ya Julai 2007 yalikuwa ya Bonde la Ufa, upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai, mlima ambao nao ulilipuka baadaye mwaka huo huo.

Mimi ni mkulima wa kahawa. Ugomvi wa Wakorea unanihusu nini? (Mzee, Kibosho)

Shikamoo mzee. Unakuhusu kwa sababu bendera yako imo.

Korea Kaskazini ilifanya jaribio la kwanza Oktoba 9, 2006. Siku tano baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1718, la kuiwekea vikwazo, kwa kura zote 15. Moja ya kura hizo ilikuwa ya Tanzania, iliyokuwa mjumbe wa Baraza mwaka 2005 na 2006, balozi wetu kule akiwa Augustine Mahiga. Hatukusoma habari hiyo kwenye gazeti tu, tulikuwa mezani.

Sasa sikiliza upande wa pili. Tuna urafiki na Pyongyang tangu mwaka 1965, na Mwalimu Nyerere aliwahi kwenda kule. Septemba 2017 ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa iliitaja Tanzania miongoni mwa nchi zilizokuwa zikichunguzwa kwa ushirikiano wa kijeshi na Korea Kaskazini. Waziri wetu wa Mambo ya Nje wakati huo alikuwa Mahiga huyo huyo. Halafu kuna meli: baadhi ya zile zenye uhusiano na Korea Kaskazini ziliwahi kupeperusha bendera ya Tanzania, maana Zanzibar inasajili meli za kigeni. Januari 2018, baada ya meli mbili nyingine zenye bendera yetu kukamatwa na shehena haramu, moja silaha na moja dawa za kulevya, Rais Magufuli alisimamisha usajili huo.

Mzee wangu, vikwazo vinapigiwa kura New York, lakini vinatekelezwa au kuvunjwa na karani wa usajili, afisa wa bandari na benki. Jina la nchi likichafuka huko, hata anayeuza kahawa halali anaulizwa maswali zaidi. Hilo linaniuma.

Kumfukuza balozi kunasaidia nini? Si ndiyo mnafunga mlango wa kuongea? (Msomaji, Himo)

Wasiwasi wako una haki. Baada ya jaribio la 2017, Mexico ilimpa balozi wa Korea Kaskazini saa 72 aondoke. Peru, Kuwait, Hispania na Italia nazo zikawafukuza mabalozi wa Korea Kaskazini waliokuwa kwao. Kwa Korea Kaskazini balozi si msemaji tu. Ofisi zake nje zimetumika kutafutia fedha za kigeni na vifaa, ndiyo maana azimio la Novemba 2016 liliagiza kila ubalozi wake uwe na akaunti moja tu ya benki, na kila mwanadiplomasia moja.

Waafrika nasi tuliwahi kutumia silaha hiyo ya kumfukuza balozi. Ufaransa ilipojaribu mabomu yake jangwani Algeria kuanzia Februari 1960, Nigeria, ikiwa na miezi mitatu tu ya uhuru, ilimfukuza balozi wa Ufaransa Januari 1961. Majaribio yaliendelea hadi 1966, yakafika 17. Lakini kimya kingekuwa kibaya zaidi.

Mbona wakubwa wanayo na hawaguswi? (Dereva wa bodaboda, Majengo, Moshi)

Umegusa penyewe. Mkataba wa mwaka 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia unazitambua nchi tano tu kuwa na mabomu hayo: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, zilizokuwa zimelipua kabla ya Januari 1967. Ndizo hizo hizo zenye kura ya turufu, yaani ya kuzuia azimio, katika Baraza la Usalama. Ziliahidi kujadiliana kwa nia njema kuyaondoa mabomu yao, na ahadi hiyo hazijaitimiza. Dhuluma hiyo naikubali bila kusita. Ila haimpi mwingine ruhusa ya kutengeneza la kwake. Korea Kaskazini iliingia kwenye mkataba huo mwaka 1985 kwa hiari, ikatangaza kujitoa 2003. Afrika Kusini ilikuwa na mabomu sita, ikayabomoa yenyewe, na mkataba wa Pelindaba unaozuia silaha hizi barani kwetu unafanya kazi tangu Julai 2009.

Vikwazo bado vipo? (Msomaji, Usa River)

Vipo: hairuhusiwi kuuza nje makaa ya mawe, samaki wala nguo, na mafuta inayoingiziwa yamewekewa kiwango. Ila Machi 2024 Urusi ilitumia kura ya turufu kuzuia kuongezwa muda wa jopo la wataalamu waliokuwa wakivifuatilia, na jopo hilo likaisha Aprili 30. Oktoba mwaka huo nchi 11 zikaunda timu yao ya kuvifuatilia, nje ya Umoja wa Mataifa. Ya Afrika haimo hata moja. Ningependa mbunge mmoja wa Arusha au Kilimanjaro aulize bungeni nani sasa anakagua meli zenye bendera yetu, na matokeo yake tunayasoma wapi.