Ankara zinarudi na intaneti haina kosa: nondo, tani na galoni ndani ya mfumo wa ununuzi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mteja wangu mkubwa ni kampuni ya chai yenye mashamba na kiwanda huko Mufindi. Zamani walinipa LPO (hati ya oda) ya karatasi, napeleka mzigo na ankara, nalipwa ndani ya siku 30. Tangu mwaka uanze wamehamia kwenye mfumo. LPO inaingia kwenye akaunti yangu mtandaoni na ankara naijaza humohumo. Mwezi uliopita nilituma ankara tano, tatu zikarudi zimeandikwa hazioani, na mzigo umepokelewa wote, hakuna aliyelalamika. Kuna kijana ananiuzia programu ya dukani, anasema itamaliza shida hii. Ninunue? Na huu mfumo wao ndio NeST ya Serikali au ni kitu kingine?

JIBU: Salama, ndugu. Usinunue bado. Kama nondo imeandikwa kwa tani na mteja ameagiza kwa kipande, programu hiyo itakutolea ankara mbovu, ila kwa haraka zaidi.

Mfumo wa mteja wako haumjui dereva wako wala haujui kwamba mnaaminiana miaka yote hiyo. Kazi yake ni kulinganisha hati tatu, mstari kwa mstari: LPO waliyotoa, hati ya mapokezi (GRN) ambayo mtu wa stoo aliijaza mzigo uliposhuka, na ankara yako. Unatazama namba ya bidhaa, kipimo, idadi na bei ya kimoja. Vyote vikioana, ankara inakwenda kwenye malipo bila mtu kuigusa. Kimoja kikipishana kuliko kiwango walichojiwekea, inasimama. Kiwango hicho kila mnunuzi huamua mwenyewe: wapo wanaoruhusu bei ipishane asilimia moja au mbili, wapo wasioruhusu hata shilingi. Waulize watu wao wa manunuzi. Si siri, na watakujibu.

Sasa tazama nondo, maana katika biashara yako hapo ndipo penye mtego mkubwa. Kiwandani unanunua kwa tani, dukani unauza kwa kipande. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo kipande cha mita 12 ni kilo 10.656, na tani moja ni vipande kama 94. Ya milimita 10 inakuja vipande 135 kwa tani, ya 16 vipande 53. Tuseme LPO inataka vipande 200 vya milimita 12 kwa 27,000 kila kimoja bila VAT, jumla 5,400,000. Kijana wako, kwa mazoea ya bei za kiwandani, anajaza tani 2.13 kwa 2,534,000. Jumla inatoka 5,397,420. Mhasibu akiitazama atacheka tu: pungufu ya shilingi 2,580, na hasara ni yako. Mfumo hauioni hivyo. Unaona wewe umedai vitu 2.13 wakati stoo imepokea 200, na kwamba kitu cha 27,000 umekitoza milioni mbili na nusu. Unaikataa, na kwa taarifa ulizonazo, mfumo umefanya sawa.

Kanuni ni moja: ankara hufuata kipimo cha LPO, hata kama wewe ulinunua kwa kipimo kingine. Wakiandika vipande, andika vipande. Wakiandika kilo, weka kilo zilizosomwa kwenye mzani wao wakati wa kupokea, usichukue za kwenye jedwali, kwa sababu nondo halisi hupishana kidogo na uzito wa vitabuni.

Galoni nayo ina mambo yake. Kwetu dukani galoni ya rangi ni kopo la lita 4. Lakini mifumo mingi imebeba vipimo vya kimataifa, na humo galoni ni mbili tofauti: ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani 3.785. Ukiagizwa galoni 10 ukapeleka makopo 10, yaani lita 40, mfumo unaoweka stoki kwa lita unaweza kusoma 45.46 au 37.85. Waombe wabadilishe bidhaa hiyo iandikwe kwa lita, au kwa kopo la lita 4, na neno galoni lisionekane tena popote. Bati vilevile: la kawaida la mita 3 huuzwa kwa kipande, msauzi huuzwa kwa mita, na yote mawili mtu wa stoo huyaita bati. Wenzako wa Mafinga wanaouza mbao wana la kwao. Mbao ya inchi 2 kwa 4 ya futi 12 ni takribani mita za ujazo 0.0189, yaani vipande 53 kwa mita moja ya ujazo, na hapo tunasema mbao iliyotimia vipimo, kabla ya randa.

Kosa linalofuata kwa wingi ni VAT. Bei yako ya dukani ina VAT ndani, LPO nyingi za kampuni hazina, na mfumo unajiongezea wenyewe asilimia 18. Ukijaza bei ya dukani kwenye kisanduku kinachotaka bei bila VAT, umezidisha bei kwa asilimia 18. Kosa la pili humo ni namna ya kuitoa. Nondo ya 31,860 yenye VAT ndani, ukigawanya kwa 1.18 unapata 27,000, na hiyo ndiyo sahihi. Ukipiga asilimia 18 ya 31,860 ukaitoa, unapata 26,125.20. Umejipunja 874.80 kwa kila kipande, na kwa vipande 200 ni 174,960. Mfumo unaweza kuipitisha ankara hiyo kimya, maana bei iko chini ya LPO. Hili ndilo baya zaidi, kwa sababu hakuna wa kukuambia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni jedwali, na Excel ya kawaida inatosha. Chukua LPO zao za miezi sita, orodhesha bidhaa wanazonunua kwako. Hata kama duka lina aina 600, huenda wao wananunua 40 tu. Kila bidhaa mstari wake: namba yako, namba yao ya bidhaa, maelezo kama yalivyo kwenye LPO yao, kipimo chako, kipimo chao, kigeuzi kati ya hivyo viwili (kwa nondo ya 12 ni tani 1 kwa vipande 93.8), na bei bila VAT. Watumie watu wa manunuzi walipitie. Mara nyingi mtagundua kwamba kosa liko upande wao: bidhaa moja imesajiliwa mara mbili kwa namba tofauti, stoo inapokea kwa hii, LPO imetoka kwa ile. Wewe huwezi kulirekebisha hilo, lakini unaweza kulionyesha.

Kuna hatua ambayo wauzaji wengi wanairuka: kuthibitisha oda. LPO ikiingia, mfumo unakupa kitufe cha kukubali, kukataa au kupendekeza mabadiliko. Wengi wanabonyeza kukubali kwa haraka, au hawabonyezi kabisa wanapakia mzigo. Bei ya nondo ikiwa imepanda tangu ulipotoa proforma (ankara ya makadirio ya bei), au saruji umebakiwa na mifuko 200 na wao wanataka 300, hapo ndipo pa kusema. Wakikubali, LPO yenyewe inabadilishwa na kila kinachofuata kitaoana nayo. Ukingoja hadi mzigo ushuke Mufindi, utabaki unaomba hisani.

Kuhusu mzigo wa mafungu: LPO ya mifuko 300 ya saruji ni tani 15. Lori likibeba tani 10, limebeba mifuko 200. Hapo iwe lori moja, hati moja ya kupeleka mzigo, risiti moja ya EFD (mashine ya risiti za kodi), ankara moja. Usitoe ankara ya 300 siku ya lori la kwanza, kwa sababu stoo itakuwa imepokea 200 na utasimamishwa. Na mifuko 3 ikichanika njiani wakapokea 197, usiibadilishe ankara kimyakimya. Risiti ya EFD ikishatoka taarifa zake zimeshafika TRA, kwa hiyo tofauti hiyo inarekebishwa kwa hati ya kupunguza deni inayotaja namba ya risiti ya awali. Hakikisha pia TIN (namba ya mlipakodi) na VRN (namba ya usajili wa VAT) ya mteja vimeingizwa kwenye mashine kabla hujachapa. Bila hivyo wanapata shida kudai VAT yao, na ankara itarudi hata kama hesabu zote ziko sawa.

Kama unapakia ankara kwa faili badala ya kujaza kwa mkono, ogopa Excel. Namba ya bidhaa yenye tarakimu 13, kama zile za chini ya mistari ya pakiti (za Tanzania huanza na 620), Excel huigeuza ikasomeka 6.20123E+12, na ukihifadhi kama CSV (faili la maandishi matupu) tarakimu za mwisho zimekufa. Sifuri za mwanzo nazo huliwa. Geuza safu hiyo iwe maandishi kabla hujabandika kitu. Tarehe iandike 2025-04-03, kwa sababu 03/04 mfumo mmoja unasoma Aprili na mwingine Machi.

Huenda mbele ya safari wakakwambia mwunganishe mfumo wao na wako moja kwa moja, EDI. Hapo hakuna mtu wa kujaza chochote: oda inatoka kwao kama ujumbe wa mpangilio maalumu na kuingia kwenye programu yako. Katika EDIFACT, mpangilio wa Umoja wa Mataifa wa tangu 1987, oda huitwa ORDERS, uthibitisho ORDRSP, taarifa ya mzigo uliotoka DESADV, ankara INVOIC. Wamarekani wanatumia X12, hati zilezile kwa namba: 850, 855, 856 na 810. Mstari wa idadi husomeka hivi, QTY+21:200:PCE, maana yake zimeagizwa 200, kipimo ni kipande. Ukiona TNE ni tani, KGM kilo, MTR mita. Kwa LPO tano kwa mwezi EDI ni gharama ya bure, kataa kwa heshima. Ikifika mia kadhaa tuzungumze tena, na hapo jedwali lako la vipimo ndilo la kwanza watakaloliomba.

NeST ni kitu kingine. Huo ni mfumo wa ununuzi wa umma chini ya PPRA, mamlaka ya Serikali inayosimamia ununuzi huo, ulioanza kutumika mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya mfumo wa zamani, TANePS. Halmashauri, shule na zahanati za Serikali wananunua kupitia humo, na ukitaka kuwauzia unajisajili kivyako. Kujisajili kwa kampuni ya chai hakukuingizi NeST, wala kinyume chake.

Nenosiri la akaunti yako kwa huyo mteja usiwape vijana wote wa dukani. Humo ndani mna namba ya akaunti ya benki ya kupokelea malipo, na anayeweza kujaza ankara mara nyingi anaweza kuibadilisha pia. Omba watumiaji wawili tofauti, mmoja wa kujaza, mmoja wa taarifa za kampuni.

Sasa zile ankara tatu. Fungua kila moja, weka LPO pembeni. Kama kilichopishana ni kipimo tu na jumla ni ileile, jaza upya kwa kipimo cha LPO, ambatisha risiti ileile ya EFD. Usichape ya pili, maana utadaiwa VAT mara mbili kwa mzigo mmoja. Kama jumla imepungua kama kwenye mfano wa nondo, risiti yako tayari inasema 5,397,420 bila VAT. Jaza vipande 200 kwa 26,987.10, jumla inakuja 5,397,420 kamili na inaoana na risiti. Bei iko chini ya LPO kwa shilingi 12.90 kwa kipande, na mifumo mingi haizuii bei iliyoshuka. Utapoteza 2,580, ambayo ni nafuu kuliko kuanza kusahihisha risiti. Jumla ikizidi LPO, hiyo piga simu kwanza, usiitume tena. Na ulizia siku zao 30 zinahesabiwa tangu lini: kama ni tangu ankara ilipokubaliwa, basi hizi tatu hazijaanza kuhesabiwa hata siku moja.