Mnauliza, Tunajibu: Kodi ya Kariakoo, walemavu, hospitali na mbwa wa mtaani

SWALI: Shikamoo anti. Tuko ndugu watano, tunakaa Tabata. Baba alifariki akatuachia nyumba Kariakoo yenye fremu nne, kodi inaingia na mirathi tumeshamaliza mahakamani. Tumekubaliana sehemu ya hiyo kodi ianzishe faundesheni ya jina la baba na mama. Baba alipata stroke akaishia kwenye wilichea kwahiyo kaka anataka tusaidie walemavu, mimi nataka hospitali, mdogo wetu wa mwisho anasema mama maisha yake yote alikuwa analisha paka na mbwa wa mtaani kwahiyo na wanyama wawemo. Baba mdogo amekasirika, anasema watu wanakosa dawa nyie mnataka kulisha paka. Vyote vitatu vinawezekana? Tunaanzaje?
Binti wa pili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kumaliza mirathi bila kununiana maana hapo ndo familia nyingi zinakwama.

Vinawezekana vyote vitatu. Mifuko ya familia huko nje iko hivyohivyo, huyu analeta ugonjwa uliomsumbua mama yake, yule analeta wanyama, wanakaa mezani wanagawana bajeti ya mwaka. Cha muhimu mtaji usiguswe, mgawe kile tu ulichozaa. Watu wa pwani hili tunalijua siku nyingi, nyumba inawekwa wakfu, haiuzwi, kodi yake inaendesha msikiti au madrasa. Marekani wao sheria inazibana kabisa faundesheni binafsi zitoe kama asilimia 5 ya mali zao kila mwaka, zisilale na hela. Nyie fremu ndo mtaji wenu, na kwa vile wapangaji wa Kariakoo leo wapo kesho wamehama, kila mwezi wekeni kidogo UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) au kwenye hati fungani za serikali, yaani mnaikopesha serikali inawalipa riba, ili mwaka mbaya ukija msije mkawakatisha watu mliokwisha waahidi.

Sasa baba mdogo. Msimbishie kwa kelele, mkalisheni mumwambie hivi: anza na mbwa. Kichaa cha mbwa kikishatoa dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na asilimia 99 ya wanaokipata wameambukizwa na mbwa, tena wengi watoto. Ukiweza kuchanja mbwa asilimia 70 wa eneo, mnyororo wa maambukizi unakatika. Faundesheni ya Gates, enzi hizo ikiitwa ya Bill na Melinda Gates, iliyoanzishwa na familia tu kama yenu tofauti ni mfuko, ililipia kupitia WHO mradi wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania mpaka Pemba. Hela ya kuokoa watu ikanunua chanjo ya mbwa. Kwahiyo mdogo wenu na wewe wa hospitali mnaongea kitu kimoja. Nendeni kwa afisa mifugo wa manispaa mkamwambie mnataka kulipia siku ya chanjo kata moja, kila mwaka, kata ileile. Na hao wanyama msiishie kuwalisha, lipieni daktari wa mifugo awafunge uzazi, maana ukilisha bila kufunga uzazi wanazaana mpaka majirani wanaanza kutega sumu, na hapo mtakuwa mmewaponza wale mnaowapenda. Wakisema haya ni mambo ya wazungu waambieni nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008.

Kwenye walemavu ntasema zaidi maana hapa ndo naona hela nyingi nzuri inapotea. Mtu akisikia ulemavu anawaza turubai, kamera, na wilichea kumi zimepangwa mstari. Wilichea ambayo haijapimwa mwili wa mtu inamtoa vidonda, nyie mmemuuguza baba mnajua kidonda cha kukaa kinavyosumbua. Na mtoto anakua, baada ya muda kiti hakimtoshi, tairi imeisha, aliyekigawa hapokei simu.

Angalieni watoto wa mguu kifundo, yaani waliozaliwa nyayo zimepinda kuingia ndani, wanaotibiwa hospitali ya CCBRT pale Msasani. Matibabu yake hayana kisu kikubwa, ni plasta inabadilishwa kila wiki, mara tano mpaka nane hivi, mguu unanyooka kidogo kidogo. Sasa mfikirie mama wa Chanika, mtoto mgongoni ana plasta mpaka pajani, daladala asubuhi kondakta anamfokea asogee nyuma, na siku hiyo vitumbua hajauza. Plasta zikiisha kuna viviatu vyenye chuma katikati, miezi mitatu mtoto anavivaa kama saa 23 kwa siku, baadae anavivaa akilala tu mpaka afike miaka 4 au 5. Akiviacha, mguu unarudi kupinda. Wafadhili wakubwa mara nyingi wanalipia plasta na viatu, lakini nauli ya mama mara nyingi haimo kwenye bajeti ya mtu. Hapo ndo hela ya fremu moja ya Kariakoo inafanya kazi kubwa kuliko wilichea kumi za turubai! CCBRT wenyewe waliliona kwa wanawake wa fistula, wale wanaovuja mkojo baada ya uzazi mgumu, upasuaji bure lakini wagonjwa hawafiki, tangu 2009 wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa. Kwahiyo nendeni mkakae na watu wa ustawi wa jamii wa hospitali mnayoichagua, waulizeni ni wagonjwa gani wanaanza matibabu afu wanapotea, na wanapotelea wapi. Wao wanajua.

Ushauri wangu kwa mwaka wa kwanza, nauli na malazi ya wagonjwa wa kitengo kimoja, na chanjo ya mbwa kata moja, basi. Msifungue kingine mpaka hivyo viwili vimesimama. Na picha za watoto wa watu msipige, hata kama kaka anataka za kuweka Instagram.

Usajili, mnaweza kusajili wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kwa Sheria ya wadhamini Sura ya 318, au mkasajili kama NGO kwa sheria Na. 24 ya 2002, cheti chake siku hizi ni cha miaka 10 ila ripoti kila mwaka lazima. Msamaha wa kodi hauji wenyewe, unaombwa TRA. Tafuteni mwanasheria mmoja na mhasibu asiye ndugu, hata mkipendana vipi.

SWALI: Anti habari. Mtoto wa dada yangu ana miezi minne, kichwa kinakua kikubwa, tumeingizwa kwenye grupu la WhatsApp mtu anasema yuko faundesheni ya familia moja tajiri, wanalipia upasuaji wote ila tutume kwanza hela ya fomu na tusubiri zamu. Tutume?
Mjomba, Gongo la Mboto

JIBU: Usitume hata mia. Faundesheni ya kweli haimuuzii mgonjwa fomu, inalipa hospitali moja kwa moja, na hospitali ndo inakwambia nani kalipa. Ila kinachonitisha zaidi sio hiyo hela, ni hilo neno zamu. Kichwa kinachokua hivyo mara nyingi ni maji yanajaa kwenye ubongo, na kila wiki mnayokaa mnasubiri grupu yanazidi kuugandamiza. Mpelekeni leo kituo cha afya kilichopo karibu wawaandikie rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, ndo wanaofanya upasuaji wa watoto wa vichwa vikubwa na mgongo wazi, wanaweka kimpira kidogo cha kutolea maji. Hela mtaiongelea hukohuko, nendeni na barua ya mtendaji wa mtaa mkaombe kuonana na afisa ustawi wa jamii, yeye ndo mwenye orodha ya wafadhili wanaolipia kwa kipindi hicho. Hilo grupu piga picha meseji zote na namba, peleka polisi, maana wapo wengine humo watakaotuma.

SWALI: Mimi ni mlemavu wa miguu, fundi cherehani Mbagala Rangi Tatu. Nimeshapewa wilichea mbili na wafadhili tofauti, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka nini. Nataka cherehani ya umeme. Hawa watu wanapatikanaje wa kuuliza?
Fundi, Mbagala

JIBU: Kaka yangu una haki kabisa, na wenye faundesheni mnaosoma hapa naomba mlisome swali lake mara mbili. Kabla ya kupanga bajeti ya walemavu nendeni SHIVYAWATA, lile shirikisho la vyama vyao, muwasikilize, na bora zaidi mmoja wao awe kwenye bodi yenu ana kura. Wewe fundi usingoje mfadhili. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, uliza utaratibu wa mtu mmoja mmoja upoje kabla hujaambiwa utafute kikundi, na uende na bei ya cherehani imeandikwa na duka, pamoja na daftari la wateja wako wa miezi ya karibuni.