Meza ya mguso inapagawa mchana: leza si dawa

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi na wenzangu wawili hapa Mombasa tumeunda meza ya kugusa kwa ajili ya muziki na michoro. Ina akriliki ya milimita 10, LED za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) za nanomita 850 pembeni, kamera ya PlayStation 3 chini yenye kichujio cha negativi ya filamu, projekta, programu ya CCV inayotambua vidole kwenye picha ya kamera, na Pure Data inayotoa sauti. Usiku inafanya kazi vizuri kabisa. Mchana, milango ikiwa wazi, inaona vidole pasipo na mtu na sauti zinalia zenyewe. Tumeongeza LED mara mbili, hali ni ileile. Muuzaji mmoja ametushauri tuweke leza nne za infraredi; anasema zina nguvu zaidi, na kwa vile mwanga wake hauonekani, hauna madhara. Tumeshazinunua. Tuzifunge vipi?

JIBU: Msizifunge. Ziwekeni kabatini, kisha turudi kwenye meza mliyonayo, kwa sababu haina ugonjwa wa kutibiwa kwa leza.

Mmesema wenyewe kwamba usiku iko sawa. Basi LED zenu zilitosha tangu mwanzo. Kinachobadilika kati ya saa mbili usiku na saa nane mchana ni jua, na jua limejaa infraredi. Negativi ya filamu inazuia mwanga tunaouona tu. Infraredi yote inapita, ya kwenu na ya jua, na kamera haina namna ya kujua ipi ni ya nani. Kidole chenu kinaonekana kwa sababu kikigusa akriliki kinauchomoa mwanga uliofungiwa ndani na kuutawanya chini, na doa hilo ni hafifu. Jua likiingia mlangoni linaangaza uso mzima wa meza. Mkikimbilia CCV na kuvuta kipimo cha kukuza picha, mnakuza doa na uchafu wake pamoja. Mkiiagiza programu ikariri mandhari mpya, yaani picha ya meza isiyoguswa, wingu linapita, mandhari yanabadilika, na ngoma inaanza kulia tena.

Swali hili linanijia mara nyingi mno, na karibu kila anayeuliza ameshaongeza LED kwanza. Sijui nani alieneza imani kwamba meza isiyosikia vidole ina njaa ya mwanga. Jefferson Han, mtafiti wa Chuo Kikuu cha New York, alipoitoa njia hii hadharani mwaka 2005, alitumia LED pembeni mwa akriliki. Reactable, ile meza ya muziki iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, ambayo mwanamuziki Björk alizunguka nayo jukwaani mwaka 2007, nayo inamulikwa kwa LED kutoka chini. Ila jukwaa lina giza, na sanduku la meza limefungwa. Kazi kubwa iko hapo, kwenye kupunguza mwanga msioutaka.

Kwa hiyo, isogezeni meza mbali na mlango na mtundike pazia zito upande wa jua. Balbu za nyuzi na za halojeni juu ya meza zitoeni, maana zinamwaga infraredi kuliko mwanga. Za LED za nyumbani hazina shida. Kisha tupeni hiyo negativi mnunue kichujio kinachopitisha ukanda mwembamba tu kuzunguka nanomita 850. Kina bei, lakini ndicho kifaa pekee katika orodha yenu nisichokubali kibadilishwe kwa kitu cha kuokota. Angalieni pia mahali pa kukiweka: mwanga ukikiingia kwa mshazari, ukanda wake unahamia kwenye mawimbi mafupi zaidi, na lenzi pana ikiwa nyuma yake, pembe za meza zitakuwa gizani. Kiwekeni kati ya lenzi na kihisi cha kamera. Wapo wanaohamia nanomita 940, ambako mvuke wa maji hewani unafyonza sehemu ya jua, na wana hoja. Ila kamera nyingi huona hafifu huko.

LED mlizoongeza zikagueni kabla ya kufanya lolote. Nyingi za aina hii hula kama volti 1.5 kila moja, kwa hiyo saba kwa mfululizo kwenye volti 12 na rezista ya omu 33 zinapata kama miliampia 45. Nimeshaona misururu isiyo na rezista kabisa, eti ziwake zaidi. Zinawaka zaidi, kisha zinakufa.

Sasa hizo leza. Meza ya leza ipo, na inafanya kazi: mwanga unatandazwa kama shuka nyembamba, karibu milimita moja juu ya kioo, na kidole kinaukata. Doa lake linang'aa kuliko lenu, nakubali. Lakini jua halijaondoka, na negativi ni ileile.

Lililonichukiza hasa ni hilo la "haionekani, haina madhara". Ni kinyume chake. Mtu akimulikwa na mwanga mkali anaouona, hufumba jicho ndani ya kama robo ya sekunde. Infraredi haimshtui. Mboni inabaki wazi, lenzi ya jicho inaukusanya mwanga huo kuwa nukta moja kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na retina haiumi. Mtu anaungua huku anaendelea kurekebisha skrubu.

Leza za meza hizi huwa za miliwati 5 hadi 25 na kuendelea. Lenzi inayotandaza mwanga huupunguza makali, lakini ikichomoka, unabaki mwale mzima. Bangili, pete au saa ikipita juu ya meza inaurudisha mwale upande wowote. Na fikirini kimo: shuka hilo linapita usawa wa uso wa meza, na macho ya mtoto aliyekuja kucheza muziki yako hapohapo. Meza ya hadhara isiyo na ukingo mweusi uliopanda juu ya mwale pande zote nne, mimi siiwashi.

Miwani ya jua si kinga. Giza lake linaipanua mboni, na infraredi inapita. Inatakiwa miwani ya leza iliyoandikwa nanomita zilezile za leza yenu. Kuangalia kwa kamera ya simu kunasaidia kuona mwale ulipo, basi. Zambarau hafifu kwenye simu haisemi lolote kuhusu nguvu. Muuzaji asiyeweza kuwaambia urefu wa wimbi, miliwati na daraja la usalama, hajui anauza nini. Hata kalamu za leza ya kijani za bei rahisi ni za kutiliwa shaka: nyingi huzaa kijani kutokana na infraredi ya nanomita 808 na 1064, na mtengenezaji akibania kichujio, zote zinatoka pamoja.

Ikiwa yupo kati yenu aliyeziwasha tayari, na sasa anaona doa lisilohama au mistari iliyonyooka inajipinda, aende leo kwa daktari wa macho na amtajie nanomita na miliwati. Matone ya duka la dawa hayafiki kwenye retina.