Hesabu pumzi zake

Dadangu, umeuliza vipi inajulikana kwamba virusi vya RSV, vile vinavyoshambulia njia ya hewa na mapafu ya watoto wadogo, vimeenea, na vipi wewe hapo Kisauni utajua kama kifua cha mwanao wa miezi minne ni kikali.

Kuenea hakujulikani kwa kusikiliza kikohozi, maana mafua yote hufanana. Lazima pamba ipitishwe puani, makamasi yapimwe maabara. Jirani zetu Kilifi, chini ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wanafanya hivyo kwa watoto wanaolazwa hospitali ya kaunti tangu 2002. Huko huko walifuata familia majumbani, wakapima pua za wote, hata wasiokohoa, wakakuta mara nyingi anayemletea mtoto mchanga ni kaka au dada anayesoma shule. Basi yule mkubwa akirudi na kamasi, anawe mikono na asimbusu mdogo.

Ukali unaonekana kifuani. Mvue fulana akiwa ametulia, shika saa, hesabu dakika nzima. Kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Chini ya miezi miwili ni 60. Tazama na chini ya mbavu: akivuta pumzi pakibonyea ndani, au akiachia ziwa kila mara kutafuta hewa, tafadhali usingoje kuche. Mpeleke hospitali wamwekee kile kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90, atahitaji kuongezewa. Na homa yaweza kuwa ndogo tu, isikudanganye.