Presi ya kubana maranda ya chuma: angalia mzigo wako kwanza

Mkuu uliyeuliza kutoka Mbalizi kama ununue presi ya haidroliki, kwa kuwa lori la Dar linajaa maranda ya leith (mashine ya kuchonga chuma) kabla halijapata uzito: shida hiyo naijua vizuri, kazi yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ni hiyo hiyo. Pesa usitoe kwanza.

Maranda yako yanatoka kwenye chuma gani? Ukichonga kasti (chuma cha kumimina), mfano diski za breki, yanatoka mafupi kama changarawe na presi inayala bila shida. Stili ya shafti inatoa nywele ndefu zilizojisokota. Hizo zinajifunga kwenye skrubu ya kulishia presi, kazi inasimama, mnabaki kuzinyofoa kwa koleo. Mwenye nywele anahitaji mashine ya kukatakata kabla ya kitu kingine chochote. Mita moja ya ujazo ya nywele za stili mara nyingi haifiki kilo 300, ila zikishakatwa vizuri inaweza kukaribia tani nzima. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Dar, faida yako iko hapo, na huenda presi usiihitaji kabisa.

Presi inajilipa zaidi kwenye aluminiamu. Maranda yake mepesi yakiingia tanuri yakiwa huru yanaelea juu na sehemu kubwa inaungua kuwa majivu. Yakibanwa yanazama na kuyeyuka. Lakini muulize mnunuzi wako kabla. Wapo wasiotaka vipande vilivyobanwa kwa sababu hawaoni kilichofichwa ndani.

Kwenye unyevu nakuomba usifanye mchezo kabisa. Maranda yenye maji yakitumbukizwa kwenye chuma kilichoyeyuka, maji yanageuka mvuke papo hapo na uji wa moto unaruka hadi kwa watu. Karakana kubwa zinatumia mashine inayozungusha maranda kwa kasi hadi kolanti (maji ya kupozea chuma kinapochongwa) itoke, kama mashine ya kufulia inavyokamua nguo. Wewe anza na pipa lililotobolewa chini, liinue juu ya sinia, liache lichuruzike. Kolanti ichuje uirudishe kazini, usiimwage mtaroni. Na masika ya huku unayajua: weka bati juu, maana lundo la maranda ya stili yenye mafuta na maji linaweza kupata joto lenyewe hadi kuwaka.

Kila mashine iwe na pipa lake, na pafagiliwe kabla ya kubadili chuma. Sumaku itakutolea stili na kasti, lakini brasi haishiki, wala stenlesi nyingi, kwa hiyo zikichanganyika na aluminiamu bei imeshaanguka.

Ukiamua kununua mashine, hakikisha una umeme wa fezi tatu, na kama ni ya kukatakata, visu vyake viwe vinanoleka hapa Mbeya. Halafu jaza gunia la maranda yako mabaya kuliko yote, umpelekee muuzaji ayapitishe kwenye mashine hiyo ukiwa umesimama pale. Akikataa, nenda kwa mwingine.