Maswali ya Wasomaji: Kuongoza mita 500, kisha kuachwa

SWALI: Mhariri, salamu. Nafundisha klabu ya makasia ya shule yetu. Mtumbwi wetu wa wanne wenye nahodha huongoza hadi mita 500, kisha tunapitwa. Tena kasia la kiti cha tatu hunaswa majini, hata mazoezini. Vijana wana nguvu. Tunakosea wapi?
Mwalimu wa michezo, Entebbe

JIBU: Mwalimu, hayo ni mambo mawili, usiyachanganye.

Kuachwa kwanza. Nguvu ya haraka iliyo ndani ya misuli huisha kwa sekunde kumi hivi. Anayeendelea kuvuta kwa kasi ileile baada ya hapo anakopa, na deni hudaiwa kati ya mita 1,000 na 1,500. Ondokeni kwa mivuto mitano: nusu ya urefu wa mvuto, nusu, robo tatu, kisha miwili kamili. Ongezeni mivuto kumi ya nguvu kwa kasi ya mivuto 38 kwa dakika, halafu nahodha aishushe hadi 32 kabla ya mita 250. Mpe saa. Kama lengo la mbio za mita 2,000 ni dakika 7 na sekunde 20, kila mita 500 ni 1:50. Robo ya kwanza ikisoma 1:43, mbio imeshaharibika ingawa mnaongoza. Mazoezini, sehemu kubwa ya kilomita iwe kwa mivuto 18 hadi 20, kiti kinachoteleza kikirudi polepole, kwa mara mbili ya muda wa kuvuta. Vijana watalalamika kwamba ni pole mno. Shikilia hapohapo.

Sasa kasia. Kwa kuwa ni kiti kilekile, hata mtoto asipochoka, pima chombo kabla ya kumlaumu. Kitako cha kishwara, yaani kile kishikio cha kasia ubavuni mwa mtumbwi, kiwe juu ya kiti kwa sentimita 15 hadi 17. Kikiwa chini zaidi, mpini hugusa mapaja na hakuna nafasi ya kuusukuma chini ili bapa, ile sehemu pana ya mwisho wa kasia, litoke majini. Kisha mlalo, yaani mwinamo wa bapa: bapa likisimama majini, ukingo wake wa juu uinamie tezi (nyuma ya mtumbwi) kwa nyuzi 4 hivi. Mlalo ukipotea, bapa huzama lenyewe. Mara nyingi kosa ni kile kipande kidogo cha plastiki ndani ya kishwara, kimechakaa au kimewekwa kinyume. Vyote vikiwa sawa, mtazame mikono: anageuza bapa kabla halijatoka majini.

SWALI: Mimi ni muogeleaji, kidato cha tatu. Yupo Mganda aliyefika Olimpiki kwa makasia?
Msomaji, Jinja

JIBU: Yupo, mwanangu. Kathleen Noble alishindana Tokyo 2020 na Paris 2024, mtumbwi wa mtu mmoja. Naye alianza na kuogelea. Makasia aliyakuta chuoni Princeton, Marekani. Wewe anza na mtumbwi wa wanne, kwani ule wa mmoja ni mwembamba mno na hupinduka upesi. Ukipinduka ziwani, hata kama unaogelea vizuri, usiuache mtumbwi kufuata ufuko: mtumbwi huelea, ushikilie hadi boti ya uokoaji ifike.