Mgonjwa wa Operesheni Asipolala: kwa Muuguzi Unayeanza Zamu za Usiku

Ndugu wa mgonjwa watakuuliza: "Sista, amelala tangu atoke kupasuliwa, mbona sasa anakesha?" Waeleze kwamba nusu kaputi haihesabiwi kuwa usingizi. Dawa imeuzima ubongo kwa muda, haikuupumzisha. Baada ya operesheni kubwa, usiku wa kwanza usingizi hukatikakatika na ndoto karibu zitoweke. Siku chache baadaye ndoto hurudi kwa nguvu, na mtu huamka kalowa jasho kwa majinamizi. Mwambie mgonjwa mapema kuwa hali hiyo hupita, maana wengi hudhani wamerogwa, wakanyamaza nayo.

Kabla hujaomba diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, tafuta kinachomkesha. Anza na maumivu, na umuulize anapokohoa au kugeuka. Akitulia tuli atakujibu tu "sijambo". Papasa chini ya kitovu, kwani kibofu kilichojaa humhangaisha mtu usiku kucha, na pengine ni mpira wa mkojo tu umejikunja chini ya paja. Soma na faili: deksamethasoni inayotolewa kuzuia kutapika nayo hufukuza usingizi.

Wazee nawaombea uangalizi wa pekee. Mzee aliyekuwa anaongea vizuri jioni, saa nane usiku unamkuta anang'oa dripu, anataka akafungulie ng'ombe. Usimgombeze wala kumfunga mikono. Amechanganyikiwa, na huenda kuna sababu: pima oksijeni, joto na sukari, kisha mjulishe daktari. Mvishe miwani yake, mwite kwa jina, mwambie yuko wapi, na mwanawe akiruhusiwa akae naye. Diazepamu hapo huzidisha mambo.

Anayenihofisha zaidi ni yule anayekoroma, pumzi ikakatika, kisha akashtuka akitweta. Kama amechomwa mofini, dawa kali ya maumivu inayoweza kupunguza pumzi, hesabu pumzi zake dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, mwamshe, mpe oksijeni, mwite daktari papo hapo.

Kwa waliobaki, presha, sindano na dripu zifanye kwa mkupuo mmoja, upunguze taa, na simu yako uizime sauti. Mchana wakalishwe kitini penye mwanga.

Asubuhi usiandike "amelala vizuri" kwa kuwa tu hakukuita. Muulize mwenyewe, uandike alichosema.